Namna ya Kumweka Mtu Ndani ya Struct

Vijana wa hapa Majengo mkija kuchaji simu asubuhi na kunikuta nimeketi kibarazani, huwa mnaniita Guka, yaani babu, na kuniuliza: "Guka, ni ukweli ati ulikuwa unaandika programu na uliacha shule?" Yote mawili ni kweli, na hakuna ajabu hapo. Ajabu iko kwingine, na ndiyo ninayotaka kuwaandikia, kwa sababu nikiisimulia kwa mdomo huanzia katikati na ninyi huondoka chaji ikijaa.

Niliacha shule darasa la saba. Hakuna aliyenifukuza. Dirisha la darasa letu lilitazama barabara ya kwenda Nanyuki, na sikuweza kuona lori likipita bila kujiuliza limebeba nini na nani analingoja huko liendako. Basi nikaenda kuona. Nimepakia viazi, nimeosha sufuria za hoteli, nimekoroga zege, nimechunga kondoo wa watu kwenye ranchi za Laikipia, ambako asubuhi Mlima hujifunua kidogo halafu hujifunika tena kama mtu aliyekumbuka kwamba kuna wageni. Kila kazi niliichoka nilipokwisha kuielewa. Moja tu sikuichoka, kwa kuwa hadi leo sijaimaliza kuielewa: kuandika programu kwa lugha ya C.

Katika C kuna kitu kiitwacho struct. Ninyi mnaosoma kompyuta mtaonyeshwa struct asubuhi moja na jioni mtakuwa mmeshaipita. Mimi nimeishi nayo, na niliwahi kuona ndoa ya watu wawili ikining'inia kwenye struct moja kama nguo kwenye kamba. Nitafika huko. Kwanza mjue kitu chenyewe.

Kompyuta yenyewe haijui mtu. Inajua namba, inajua herufi. Lakini mkulima anayekuja kupima maziwa si namba wala si herufi: ana jina, ana kijiji, ana kilo alizoleta leo. Struct ni namna ya kuiambia kompyuta kwamba hivi vyote ni vya mtu mmoja, vikae pamoja, na ukimhamisha mtu ahame na vyote vyake. Mimi huiita boma. Boma lina nyumba kubwa, lina ghala, lina zizi, lakini ukiuliza ni la nani, jibu ni moja.

Jambo hili sikulipata kwenye kitabu. Nilifundishwa na mtu mmoja wa Nanyuki aitwaye Wachira, fundi wa mizani. Alizunguka Mlima mzima, kutoka Nanyuki hadi Karatina hadi Kerugoya, akitengeneza mizani za elektroniki za vituo vya chai, kahawa na maziwa. Alinichukua kwa sababu nilimuuliza maswali mengi akaona heri anipe bisibisi ninyamaze.

Siku ya kwanza nilifungua mizani kadhaa kwenye meza yake, na kwa kutaka sifa nikapanga skrubu zote kwa ukubwa: ndefu huku, fupi kule, zimelala kwa mistari kama gwaride. Wachira alirudi na chai yake akasimama.

"Githinji, hii skrubu imetoka wapi?"

"Kwa mizani, Mzee."

"Mizani gani? Naona mizani nne hapa zimekufa."

Nilishika skrubu moja, nikaigeuza, nikairudisha kwenye mstari wake.

"Umezipanga vizuri sana," alisema. "Hata wanajeshi wangekuonea wivu. Sasa hakuna mtu duniani, hata Mungu akiamka vizuri, anaweza kujua ni gani ya wapi." Akatoa vifuniko vya chupa za soda kwenye droo. "Skrubu haikai na skrubu mwenzake. Inakaa na nyumba yake. Mizani moja, kifuniko moja, na kila kitu yake ndani."

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikipitia kitabu cha C kilichochanika jalada, ambacho mtu alikisahau kwenye saiba moja ya kompyuta za kukodi hapa hapa Majengo, nilifika ukurasa wa struct nikacheka peke yangu hadi mhudumu akaniuliza kama niko sawa. Vilikuwa vifuniko vya soda vya Wachira. Watu walioko ng'ambo ya bahari, ambao hawakuwahi kugusa mizani ya Nanyuki, walikuwa wamefikia jambo lile lile mezani kwao.

Na msidhani kupanga kwa gwaride kuliishia kwangu. Kuna kituo cha maziwa ambacho kijana mmoja aliandikia programu kabla ya kwenda zake Nairobi. Aliweka majina yote kwenye safu moja, vijiji kwenye safu nyingine, kilo kwenye safu ya tatu. Wa kwanza huku ni wa kwanza kule, na wa pili vivyo hivyo. Ilikwenda vizuri mpaka karani alipotaka majina yapangwe kwa alfabeti. Majina yakahama, kilo zikabaki zilipokuwa. Kesho yake mama mmoja, ambaye ng'ombe wake alikuwa amekauka, akatangazwa kuwa ndiye aliyeleta maziwa mengi kuliko kijiji kizima. Nilipoitwa kutengeneza, nilimkuta mlangoni.

"Fundi, usiharakishe," aliniambia. "Mimi nilikuwa nimeomba, na wewe sasa unataka kuharibu maombi ya mtu."

Nilivunja safu zote tatu nikajenga struct moja, kisha safu moja ya struct. Tangu siku hiyo, majina yakihama, kilo nazo zinabeba vitanda vyao na kufuata. Kama mtachukua jambo moja la kazi kutoka kwangu, chukueni hili: mkijikuta mna safu mbili ambazo lazima zitembee hatua moja, mjue mna boma lililovunjwa ua.

Jambo la pili ni la nafasi tupu. Siku moja niliandika struct yenye herufi moja, kisha namba, kisha herufi nyingine. Nikajumlisha kwa vidole nafasi zinazotakiwa, moja kwa kila herufi na nne za namba: baiti sita. Nikaiuliza kompyuta kwa sizeof, neno la C la kupima ukubwa, ikasema kumi na mbili. Nilidhani mashine ni mgonjwa. Nilimpelekea Wachira, ambaye wakati huo alikuwa ameanza kujifunza C kutoka kwangu na hakufurahia hilo hata kidogo.

"Wewe ukipanda viazi," aliniuliza, "unajaza shamba yote?"

"Hapana. Naacha njia."

"Ya nini?"

"Ya kupita na wilibaro."

"Basi na kompyuta imeacha njia. Namba haipendi kuanzia mahali popote. Inataka kuanzia mahali kompyuta inaweza kuikamata mara moja."

Ndivyo ilivyo. Ukipanga vitu vikubwa kwanza na vidogo mwisho, njia hupungua na boma hubana. Kwenye mizani ndogo zenye kumbukumbu finyu jambo hilo lilikuwa mkate wetu. Lakini kilichonishika si ubanaji. Ni kwamba ndani ya kitu nilichokiandika mwenyewe, herufi kwa herufi, kulikuwa na vyumba ambavyo sikuvijenga wala sikuvijua. Ninyi mkikuta jambo kama hilo msiharakishe kulirekebisha. Litazameni kwanza.

Sasa nije kwenye ndoa.

Wachira alipofariki, kazi za mizani zilikuwa zimepungua, na mimi nilikuwa mtu wa kibarua cha hapa na pale. Ukoo mmoja wenye makao yake upande wa Mathira ukaniita. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Ndiritu, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa koti la sufu na kofia ambayo hakuivua hata kanisani mpaka padre amtazame. Walitaka kila mtu wa ukoo, aliye hai na aliyekufa, aingizwe kwenye kompyuta, ili vijana waliotawanyika wajue nani ni nani. Hofu yao kubwa ilikuwa vijana wa damu moja kukutana huko mjini na kupendana bila kujua.

Niliandika kwa C, kwa kuwa ndiyo lugha pekee niliyoijua. Mtu alikaa hivi:

struct mtu {
    char jina[40];
    char kijiji[40];
    struct mtu *baba;
    struct mtu *mama;
    struct mtu *mwenzi;
    struct mtu *wajina;
    struct mtu *watoto[16];
};

Zile nyota ni mishale. Haziweki mtu ndani ya mtu, zinaonyesha tu: baba yake ni yule pale, mama yake ni yule. Mshale wa wajina niliongeza mwenyewe, na wazee wakapiga makofi. Mnajua desturi yetu. Kijana wa kwanza huitwa jina la baba ya baba yake, wa pili jina la baba ya mama yake. Msichana wa kwanza ni nyanya, yaani cucu, wa upande wa baba, wa pili ni nyanya wa upande wa mama. Kila mtu wa milima hii anatembea na jina la mwingine. Kwa hiyo kila boma kwenye programu yangu lilirusha mshale kwa boma la yule aliyeitiwa, na hilo nalo likarusha kwa lingine, nyuma, nyuma, mpaka mshale unafika kwa mtu ambaye wa kwake hakumbukwi tena, ukaachwa tupu. Jioni ya kwanza nilipoiendesha na kuona jina moja la Wangari likirukaruka kutoka kwa mtoto wa chekechea hadi kwa mwanamke aliyezaliwa kabla reli haijafika Nyeri, nilizima kioo cha kompyuta nikatoka nje kupigwa na upepo.

Aliyeingiza majina ni msichana wa ukoo huo, Muthoni, karani wa duka la dawa za mifugo pale Karatina. Alikuwa mwepesi wa vidole na mwepesi wa ulimi. Kamati ilitoa sharti moja: mtu asirudiwe. Ukiandika jina na kijiji ambavyo vimo tayari, programu isijenge boma jipya, itumie lile lile. Lilionekana sharti la busara. Mimi niliandika mstari wa kulinganisha majina, mstari mmoja tu, nasi sote tukautazama tukaupenda.

Kisha Muthoni akapata mchumba, Gakuru, fundi wa pampu za maji Nanyuki. Familia mbili zilikuwa karibu kuanza mazungumzo. Kwa kanuni ya ukoo, mababu wa mchumba nao huingizwa ili ionekane kama kuna damu inayokutana. Muthoni mwenyewe aliwaingiza, mmoja mmoja. Alipomfikia nyanya ya baba yake Gakuru, mama aliyeitwa Nyambura, programu ikamjibu: yupo.

Alinipigia simu mchana ule ule.

"Fundi, mashine yako inasema mimi na Gakuru ni watu wa cucu mmoja."

"Cucu gani?"

"Nyambura. Mama ya guka wangu. Inasema ndiye mama ya guka yake pia." Nikamsikia akifunga mlango wa duka. "Wazee wanakutana Jumamosi. Ikiwa ni ukweli, nitamwacha. Siwezi kuzaa na damu yangu, hata nikimpenda aje. Lakini nataka nijue ni ukweli, si ati kompyuta imesema."

Sijawahi kupewa kazi iliyosemwa wazi kuliko hiyo.

Jumamosi tulikutana sebuleni kwa Mzee Ndiritu. Kompyuta ilikuwa mezani juu ya kitambaa cha kufuma. Mama yake Muthoni, aitwaye Wairimu, alikuwa akizunguka na birika la chai. Gakuru hakuwepo. Mchumba haketi kwenye kikao cha kujadili damu yake.

Wazee walikuwa wamekwisha kupata maelezo. Nyambura wote wawili walikuwa wa kijiji kimoja, kile ambacho serikali ya mkoloni ilikusanyia watu wa migongo mingi ya vilima wakati wa Dharura, miaka ya vita vya msituni, chini ya Karatina, na kuwachimbisha mtaro. Waume zao walikuwa tofauti, ni kweli. Lakini hilo nalo lilikuwa na jibu.

"Alitoroka," Mzee Ndiritu alisema kwa huzuni. "Nilisikia kwa baba yangu. Kuna mwanamke alitoroka bwana wake wakati ule wa shida, akaolewa upande ingine ya mtaro. Ndiye huyu."

"Baba yake Nyambura alikuwa nani?" niliuliza.

Hakuna aliyejua. Nilifungua boma lake kwenye kioo. Mshale wa baba ulikuwa mtupu. Vivyo hivyo wa mama. Nilipekua maboma mengine ya wake wa zamani, yote yalikuwa hivyo. Ukoo uliwakumbuka tangu siku waliyoingia lango la mume, na nyuma ya lango hilo palikuwa giza.

Nikawaeleza wazee jambo moja la C, na ninyi nawaeleza vile vile. Unaweza kuwa na struct mbili zenye jina lile lile, kijiji kile kile, kila kitu kile kile, na bado ni mbili, kwa sababu kila moja ina anwani yake kwenye kumbukumbu. Tena ukijaribu kuiuliza C kwa alama mbili za sawasawa kama boma hili ni sawa na lile, C hukataa kabisa. Haikupi ndiyo wala hapana, inakataa hata kuitafsiri programu yako. Nilipokuwa kijana niliona huo ni uzembe wa waliotunga lugha. Siku ile sebuleni niliona ni hekima inayotisha. Walijua kwamba swali la kama watu wawili ni mmoja halijibiwi kwa alama. Tuliolijibu kwa kulinganisha majina ni sisi.

"Kwa hivyo unasema ni wawili?" Mzee Ndiritu aliuliza.

"Nasema sijui, Mzee. Kompyuta nayo haijui. Sisi ndio tulioiambia ni mmoja."

Basi nikawaonyesha watoto wa huyo Nyambura, wote pamoja jinsi programu ilivyowakusanya. Muthoni alisoma kwa sauti. Kwa bwana wa kwanza: Ndegwa, Gichohi, Muthoni, Wangari. Kwa bwana wa pili: Gakuru, Mathenge, Njoki, Wanjiku. Wazee wakatikisa vichwa. Familia kubwa, walisema, mama mwenye baraka.

Wairimu aliweka birika chini.

"Huyu Gichohi ni kijana wa ngapi?"

"Wa pili, Mama," Muthoni alijibu. "Ndiye guka wangu."

"Na huyu Mathenge?"

"Wa pili pia. Kwa bwana ule mwingine."

"Mzee," Wairimu akamgeukia Ndiritu, "mimi kijana wangu wa pili nilimwita nani?"

"Si Kamau? Jina ya baba yako."

"Na kama ningemtoroka bwana yangu, huyu ndugu yenu, nikaolewa Meru?"

"Wairimu, maneno gani hayo?"

"Nauliza tu. Nikizaa huko kijana wa pili, angeitwa nani?"

Mzee Ndiritu alihesabu kwa vidole. "Kamau mwingine," alisema polepole.

"Haiya. Sasa Nyambura alikuwa na baba wangapi?"

Muthoni alikuwa amekwisha kuona, na vidole vyake vilikuwa kwenye kioo. Wasichana wa pili: Wangari huku, Wanjiku kule. Kama ni mama mmoja, alikuwa na baba wawili na mama wawili. Mishale ya wajina ya watoto wale ilipita juu ya yale mapengo matupu na kwenda kugonga watu ambao hakuna aliyewahi kuwaingiza. Nilikuwa nimeiweka mishale ile kwa mapambo. Wake wale, hakuna aliyewaandikia baba zao. Waliwaandika wenyewe, kwa watoto waliowazaa, na maandishi yakakaa mbele yetu muda wote, yakiitwa kwa sauti kila mtoto alipoitwa kuja kula.

Mzee Ndiritu hakuwa mtu wa kubebwa na furaha.

"Inawezekana mtoto wa pili alikufa, wakaruka jina," alisema. "Nimeona hivyo. Wairimu, sijasema umekosa. Nasema mtoto wangu hataolewa kwa hesabu. Tutafute mtu aliyewaona."

Mtu huyo alikuwa Cucu Wangechi, aliyekuwa msichana kwenye kijiji kile cha Dharura na sasa anaishi na binti yake Kerugoya. Tulikwenda Jumatatu kwa pikapu ya Mzee: yeye na Wairimu mbele, mimi na Muthoni nyuma na gunia la viazi la kumpelekea mwenyeji. Tulipofika Kutus, Muthoni alisogeza gunia akaketi karibu nami. Hapo aliniuliza, "Fundi, akisema ni mmoja, utaweza kunitoa kwa hiyo kompyuta? Mimi peke yangu?" Nilimwambia ukimtoa mtu, mishale yote iliyomwelekea hubaki ikielekea hewani, na programu huanguka. Aliitikia kwa kichwa kana kwamba nimemwambia jambo alilolijua.

Tulimkuta Cucu anamenya maharagwe kwenye ungo, mdogo kama mtoto, macho makali. Tulikuwa tumekubaliana kabla ya kuondoka kwamba mtu yeyote asimweleze kilichotuleta, ili asije akatusaidia kwa huruma. Tulikunywa uji. Mzee Ndiritu akauliza habari za mvua, habari za goti, habari za mbuzi. Kisha akasema, kama anayepitisha wakati:

"Cucu, hivi unamkumbuka Nyambura wa kile kijiji cha zamani?"

Cucu hakuinua macho kutoka kwa maharagwe.

"Nyambura gani?" aliuliza.

Wairimu alishika mdomo wake kwa mikono yote miwili.

"Kwani walikuwa wangapi?" Mzee alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Si wawili! Moja mrefu, ako na mwanya hapa mbele, hata askari walikuwa wanamuogopa. Na moja mfupi, mtu wa kucheka. Unaita 'Nyambura' kwa mtaro, wote wanaitika, halafu wanagombana nani ameitwa. Tukawa tunasema Nyambura wa Gichohi na Nyambura wa Mathenge."

"Hao ni mabwana zao?"

"Mabwana gani, na mabwana wote walikuwa msituni ama kizuizini?" Cucu alimtazama kama mwanafunzi mzembe. "Ni baba zao. Kwa ile kijiji mwanamke alikuwa anaitwa na jina ya baba yake. Nani angemwita na mtu hayuko?"

"Lakini kuna mmoja alitoroka..."

"Hiyo ya kutoroka ni maneno ya wanaume. Wanaume wakirudi na kukuta wamesahau kitu, wanasema imetoroka."

Muthoni alikuwa amekwisha kutoka nje. Kupitia mlangoni nilimwona amesimama katikati ya sukuma wiki, simu sikioni. Alisema maneno mawili tu, "Walikuwa wawili," na kutoka kwenye ile simu ikasikika sauti ya mwanamume akipiga kelele hadi kuku wakatawanyika. Cucu akauliza ni nani amekufa. Wairimu akamwambia hakuna, ni mtu amepona.

Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo, na ilifanywa na Muthoni mwenyewe kwenye meza ya Mzee Ndiritu. Nilifuta ule mstari wa kulinganisha majina. Yeye akajenga boma jipya, akaandika ndani yake jina lile lile, Nyambura, na kijiji kile kile. Ungeyasoma maboma mawili usingeona tofauti hata ya herufi. Kisha akawahamisha watoto, mmoja mmoja: Gakuru, Mathenge, Njoki, Wanjiku. Akajenga boma la Gichohi na boma la Mathenge, wanaume wawili ambao hatukujua chochote juu yao ila kwamba binti zao waliwakumbuka, akaelekeza kila Nyambura kwa baba yake, kisha akafanya vivyo hivyo kwa mama zao, Wangari na Wanjiku. Aliendesha programu. Ile mishale iliyokuwa ikipita hewani ilitua, kila mmoja mahali pake. Nimefanya kazi hii tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na sijawahi kuona kitu kikituliza chumba namna ile.

Mzee Ndiritu, ambaye sasa alikuwa na haraka kuliko sote, akainama juu ya bega la Muthoni.

"Sasa hapa kwako, mahali pa mwenzi. Andika Gakuru tumalize maneno."

"Hapana, Mzee," Muthoni alisema. "Mbuzi wa mahari hawajafika. Tumeshaona shida ya kuandikiwa vitu haraka. Iache NULL."

Wairimu alicheka mpaka akalazimika kuketi. Mzee akaniinamia na kuniuliza kwa sauti ya chini, asisikiwe na wanawake, NULL ni nini. Nilimwambia ni nafasi iliyotengwa kwa ajili ya mtu, na mtu mwenyewe bado hajaingia.

Aliitazama ile nafasi pale kwenye kioo. Kisha akavua kofia.